Katibu Asiyepigiwa Kura

Tulimwita Katibu. Kanisani Katibu, kwenye basi Katibu, na hata siku alipolazwa na muuguzi akatuuliza jina la mgonjwa, tulitazamana kwanza. Alikuwa katibu wa chama cha watu tisa, yeye akiwa wa tisa, na kazi ya chama ilikuwa kupima hewa ya Toronto. Nikisema hivi watu hucheka. Nimezoea, wacheke tu.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mchana, tulikutana katika chumba cha chini cha jengo moja Regent Park, na kila mtu alisoma vipimo vya roshani yake: joto, kina cha theluji, mvua, upepo ulikotoka. Hatukuwa wasomi. Mimi ninatunza wazee, ninawaogesha na kuwalisha. Rais wetu alikuwa dereva wa lori kutoka Eldoret. Kulikuwa na Mama Bahati, Mkongo wa Bukavu, aliyekata nyama kiwandani na kupima theluji kwa rula ya shule. Wengine watano walikuwa watu wa maghala na ofisi, wenye usingizi machoni. Katibu peke yake ndiye aliyeijua kazi, maana huko kwao Tanzania alikuwa mtazamaji wa kituo cha hali ya hewa kwa miaka mingi, kabla ya kumfuata binti yake huku na kulinda maegesho ya magari mpaka akastaafu.

Alivaa tai juu ya sweta, si ndani yake, kwa madai kwamba tai isiyoonekana ni kazi bure. Alinukia karafuu na zeri ya kuchua magoti. Sauti yake ilikuwa ya chini sana, hivi kwamba chumba kizima kilinyamaza ili kumsikia, na mimi naamini alilijua hilo na kulitumia.

Alikuwa na chama kingine pia, cha marehemu. Maktaba moja mjini ilitafuta watu wa kujitolea kunakili madaftari ya zamani, naye akaenda, akakabidhiwa daftari la chama cha wanasayansi cha karne ya kumi na tisa. Walikuwa Wazungu wenye ndevu na saa za mnyororo, waliokutana hapa hapa mjini kusomeana makala kuhusu mawe, wadudu na nyota. Makala zenyewe hazikumshughulisha. Alichokipenda ni utawala wao na Baraza lao: nani aliongoza kikao, nani alipinga, hoja gani iliahirishwa na hadi lini, nani alipigiwa kura ya shukrani na nani akaondoka bila hata asante. Mambo ambayo mtu mwingine angeyaruka, yeye aliyatafuna polepole.

Alijiwekea sharti: kunakili kikao kimoja kwa wiki, wala asifunue ukurasa wa mbele. Kwa hiyo aliishi nao kwa mwendo wao, na sisi tukaishi nao kupitia kwake. Vipimo vikishasomwa na chai kumiminwa, lazima mtu aulize, "Haya Katibu, Baraza limesemaje?"

"Mambo si mazuri," angejibu, akishusha kikombe. "Rais hakuja tena. Ameleta barua, anasema ana mafua."

"Mafua miezi mitatu? Aki huyo amewachoka, Mzee," Rais wetu angesema, yeye ambaye mwenyewe alikosa vikao vingi kuliko alivyohudhuria.

"Ni bwana mkubwa. Walimchagua kwa jina lake, si kwa kazi. Sasa anaongoza chama kwa barua."

Nje theluji ilianguka bila haraka, na taa za magari zikapita ndani yake zikiwa zimefifia. Nilikuwa nimetoka zamu ya asubuhi, mwili mzito, joto la chumba likinibembeleza, na ile sauti ya chini ikisema Baraza limeridhia hili, Baraza limeahirisha lile. Mara nyingi sikujua tena tumo karne gani. Niliwaona wale wazee wakikung'uta theluji kwenye buti zao mlangoni petu, wakitafuta pa kutundika makoti. Nilikuwa na furaha mle chumbani, furaha ambayo sijaipata kwingine katika mji huu, na sioni haya kusema hivyo.

Mtu mmoja katika daftari lile ndiye aliyemtoa Katibu machozi. Alikuwa mtumishi wa chama, aliyelipwa kusoma kipimajoto na vyombo vingine kila asubuhi, mvua au jua. Vipimo vyake vilisomwa kikaoni na mabwana, naye alisimama nje ya mlango endapo wangetaka kumuuliza tarakimu. Siku moja mjumbe akatoa hoja kwamba mtumishi apewe kiti ndani. Baraza likaahirisha hoja hadi kikao kijacho. Katibu akasubiri wiki nzima. Kikao kijacho, kimya. Kilichofuata, kimya.

"Na ule mutumishi," Mama Bahati aliuliza kila mwezi, "banamupa kiti?"

"Bado, Mama."

"Ah non. Iyo ni mubaya sana."

Baadaye ukaja ukurasa uliosema tu kwamba mtumishi mpya ameajiriwa. Yule wa kwanza alikwenda wapi, alikufa au alifukuzwa, hakuna aliyeandika. Katibu alitueleza habari hiyo akiwa amevua miwani, akiifuta kwa ncha ya tai, akiifuta tena. Mwezi uliofuata alipendekeza kanuni, nasi tukaipitisha: katika chama chetu kiti bora kitakuwa cha mgeni. Kilikuwa kimoja tu chenye mikono na mto. Wageni walikuja kwa nadra mno, kwa hiyo kilikaa kitupu, na sisi tukaumia migongo kwenye viti vya plastiki kwa heshima ya mtu tusiyemjua.

Karibu kanuni zetu zote alizitoa kwa marehemu wale. Tulikuwa na Rais, Makamu, na Mtunza Vyombo ambaye ni mimi, mwenye dhamana ya vipimajoto tisa, kimoja kibovu. Tulikuwa na Baraza, ambalo lilikuwa sisi sote tukiwa tumehamia upande wa pili wa meza. Mtu akichelewa kidogo aliweza kutukuta tumeshakuwa Baraza, na ilimbidi asubiri tuhame tena.

Kura zilipigwa kwa siri katika boksi la viatu vya baridi alilolishonea mkono wa sweta kuukuu. Unaingiza mkono na punje moja ya haragwe. Ndani kuna ukuta wa kadibodi: kulia ni ndiyo, kushoto ni hapana. Chini alitandika flana ili punje isisikike ikianguka. Robo ya kura zikiwa kushoto, mwombaji hakuingia. Wale wazee ndivyo walivyofanya, kwa vipira badala ya maharagwe, na Katibu aliona sharti hilo ni la busara, kwamba watu wanaotegemeana kwa ukweli wa vipimo hawawezi kufanya kazi na mtu ambaye robo yao hawamwamini. Kila mmoja wetu aliingia kwa boksi hilo. Mama Bahati alipopita bila hata haragwe moja la kushoto, alipiga kigelegele mpaka mlinzi wa jengo akaja kuchungulia.

Sitaki mtu afikiri alikuwa malaika. Alikataza simu kikaoni, lakini yeye mwenyewe alisinzia waziwazi watu wakisoma, na ukimgusa alisema alikuwa anasikiliza kwa ndani. Alihubiri kwamba lisiloshuhudiwa lisiandikwe, ilhali goti lake la kushoto lilitabiri theluji siku mbili kabla naye akaliamini kuliko televisheni. Alikataza umbea ndani ya kikao, na kikao kikiisha alikuwa mmbea kuliko sisi sote, ila umbea wake ulihusu watu waliokufa zaidi ya miaka mia iliyopita. Nyumbani kwako alikuwa mpole. Mezani, mbele ya daftari, hakuwa na ndugu.

Hilo la mwisho ndilo lililonifikisha nilikofika.

Mama yangu alifariki Nakuru, huku kwetu yakiwa majira ya baridi. Sikuweza kusafiri, karatasi zangu zilikuwa bado zinashughulikiwa, na ningetoka nisingerudi. Nilitazama maziko kwenye simu, nimekaa sakafuni jikoni, picha ikikatika kila padri alipoinua mkono. Siku ya pili Katibu alikuja na mkate na majani ya chai, akakaa kwangu saa tatu nzima. Hakusema kitu zaidi ya pole, mwanangu. Alipoondoka aliosha vikombe.

Siku tatu za msiba sikupima hewa. Kikao kilipokaribia niliona aibu ya nafasi tupu kwenye karatasi yangu, nikajaza tarakimu za uwanja wa ndege kutoka kwenye simu. Nani angejua?

Alijua yeye. Roshani yangu iko juu ya tundu la moshi wa jiko la chini, na siku zote huwa na joto zaidi kidogo kuliko kwingine. Nilipomaliza kusoma akainua kichwa.

"Mjumbe, tarehe hizi tatu roshani yako imekubaliana na uwanja wa ndege. Haijawahi kukubaliana nao hata siku moja. Ulipima?"

Niliigeuza karatasi yangu.

"Andika 'sikupima'. Kutopima si aibu."

Kisha akaandika, na kwa desturi akasoma kwa sauti alichoandika, kwamba vipimo vya siku tatu vya Mtunza Vyombo vimefutwa kwa kuwa havikushuhudiwa. Alikuwa sahihi kabisa. Lakini mimi nilisikia kwamba amefuta siku za mazishi ya mama yangu, mbele ya watu, kwa wino. Nilimchukia. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimekunja ngumi ndani ya glavu.

Nikaazima daftari letu la kumbukumbu kwa kisingizio cha kukagua orodha ya vyombo. Nilisoma tangu ukurasa wa kwanza, bila kuacha hata mstari, nikitafuta kosa lake. Mtu aliyeandika miaka sita ya vikao hawezi kukosa kosa. Na nililipata, kubwa kuliko nililotarajia. Kila mwanachama alikuwa na kikao chake cha kupigiwa kura, isipokuwa mmoja. Yeye ndiye aliyeleta kanuni, akatupigisha sisi kura mmoja mmoja, akashika kalamu. Hakuna aliyewahi kumpigia kura yeye.

Kikao kilichofuata niliinua mkono.

"Katibu, naomba kuuliza. Wewe ulichaguliwa lini?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alirudi nyuma katika daftari ukurasa baada ya ukurasa, akilowesha kidole, na chumba kikaacha kucheka polepole. Alipofika mwanzo alilifunga na kuweka kiganja juu yake.

"Hoja ni sahihi," alisema. "Mimi si mwanachama."

"Sasa Mzee, hizi ni vitu gani," Rais alisema. "Wewe ndiye uliianzisha."

"Mwanzilishi si cheo kilichomo katika kanuni. Mnipigie kura. Mtu hapigiwi kura akiwepo, kwa hiyo natoka."

Akavaa koti, akaenda kusimama ukumbini, mlango akaufunga mwenyewe. Kupitia kioo tuliona bega lake moja na kofia.

"Ni formalité tu," Mama Bahati alisema, akigawa maharagwe. "Tufanye mbio, mzee asisikie baridi."

Tulikuwa wanane. Mawili kushoto yangetosha kumkataa. Nililijua hilo nilipoingiza mkono kwenye sweta. Nilijua pia kwamba watu wote mle ndani wanampenda, na kwamba haragwe langu litakuwa peke yake. Sikutaka kumkataa. Nilitaka aone kwamba kuna mtu mmoja aliumia, mmoja tu, halafu aingie. Nikaliacha lianguke kushoto. Flana haikutoa sauti.

Rais alifungua boksi. Akahesabu, akapangusa uso, akahesabu tena. Kulia sita, kushoto mawili.

Sikumjua mwenzangu wakati huo, wala simjui leo. Ninachojua ni alivyofikiri, kwa sababu nilifikiri vivyo hivyo. Labda naye aliwahi kufutiwa tarakimu. Labda naye aliona ni haragwe moja la kumchoma kidogo tu. Tulikaa tukitazama meza, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Katibu alisubiri, kisha akabisha mlango. Alipoingia aliona nyuso zetu.

"Msiniambie ni nani. Niambieni idadi."

"Sita kwa mbili," Rais alisema. "Mzee, tupige tena. Hii ni mistake."

"Kura hairudiwi kwa sababu haikupendeza." Alikuwa bado na kofia mkononi. Kisha akaja hadi nilipokaa, akaniwekea daftari mbele na kalamu juu yake. "Asiye mwanachama hawezi kuandika kumbukumbu. Wewe umesoma daftari hili lote. Andika."

"Niandike nini, Mzee?"

"Andika lililotokea."

Nikaandika kwa mkono wangu kwamba mwombaji hakupata kura za kutosha. Alisubiri nimalize na nisome kwa sauti, kama desturi, ndipo akaenda kukaa kwenye kiti cha mgeni. Akaweka mikono yake juu ya mikono ya kiti, akatazama dirishani.

Kanuni inasema aliyekataliwa asipendekezwe tena kabla ya mwaka. Mwaka mzima alikuja kila kikao, wa kwanza kufika, akakaa pale pale. Hakusoma vipimo, maana mgeni hana vipimo. Hakunisahihisha nilipokosea, ingawa niliona midomo yake ikitikisika. Chai ilipomiminwa bado tulimuuliza Baraza limesemaje, naye akatusimulia. Rais wa wale marehemu alikuwa hatimaye amejiuzulu, kwa barua. Wanachama walitaka kuniita Katibu, nikawaambia atakayeniita hivyo nitamrudishia kalamu. Hakuna siku niliyoweza kumwambia. Nilimpeleka mpaka kituo cha basi mara nyingi, tukitembea polepole kwa ajili ya goti lake, maneno yakinijaa mdomoni, na basi likaja.

Mwaka ulipotimia alikuwa ameshaugua. Chama kilikubaliana apendekezwe, na hati ya pendekezo hutundikwa ukutani vikao vinne kabla ya kura, ili kila mtu apate muda wa kufikiri. Hakuifikia kura hiyo. Alifariki kati ya kikao cha pili na cha tatu, theluji ya mwisho ikiyeyuka, Mungu amlaze pema. Hati bado iko ukutani. Kanuni hazisemi iondolewe lini, na mimi ninayeandika kumbukumbu sijauliza.

Lakini siku ninayoibeba ni ile niliyompelekea hati yenyewe, nyumbani kwa binti yake Richmond Hill. Ilikuwa alasiri. Kitanda chake walikiweka kando ya dirisha, na nje ya kioo alikuwa amefungiwa kipimajoto ili akisome bila kuinua kichwa. Mwanga wa theluji ya bustani ulijaa chumbani, mweupe na mtulivu, hata mtu hakujua kama ni asubuhi au jioni. Alikuwa amekonda. Tai ilikuwepo, juu ya nguo ya kulalia.

"Nani ananipendekeza?" aliuliza.

"Mimi."

Akanyoosha mkono nikampa karatasi. Juu tuliandika kazi yake, mtazamaji wa hewa. Chini yake yapo maneno ambayo wanaopendekeza huyatilia saini: kwa kumjua mwenyewe. Saini tatu zinatosha. Aliziangalia kwa muda mrefu, kidole kikishuka moja baada ya nyingine.

"Nane," alisema.

"Nane, Mzee. Wote."

"Basi hata wale wawili wamo."

"Mzee, mmoja wao..."

Akainua kiganja. "Mimi ni mgeni, mwanangu. Habari za kura hazizungumzwi mbele ya mgeni."

Nililia. Sikujaribu kujizuia. Yeye alitazama kipimajoto, kwa adabu, mpaka nikapangusa uso.

"Nisamehe," nikasema.

"Hilo unaweza kuliomba bila kutaja kura." Akanipapasa mkono. "Nimekusamehe. Na mimi siku zile tatu ningeziacha mpaka kikao kingine. Zingeweza kungoja."

Nilimwambia Rais yuko tayari tupige kura Jumamosi hii hii, bila kungoja vikao vinne, kwamba kila mtu amekubali. Hatukutaja alichosema daktari.

"Rais hana mamlaka hayo," alijibu. "Itundikeni kama za wengine. Nataka kuingia kama mlivyoingia ninyi." Kisha akatafuta kitu kwenye mablanketi. "Una kalamu?"

Mwisho wa hati kuna mstari wa mwombaji, ambapo hutakiwa kueleza nia yake kwa mkono wake mwenyewe. Nilimwinua kwa mto, nikamshikia ubao wa kuandikia. Akaandika polepole, kwa zile herufi zake zilizolala upande mmoja: Natamani kuingia.